Ndege wa Karatasi na Samaki Mbichi

Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tumeisikia mpaka masikio yamezoea. Husemwa kwenye mikutano ya wazazi shuleni, husemwa kanisani na msikitini, husemwa na shangazi akitaka kueleza kwa nini mtoto wa jirani ameharibika. Na huwa haijibiwi. Ukishaambiwa samaki mkunje, unatikisa kichwa kukubali, mazungumzo yanaisha. Mimi nimekuwa nikibishana nayo kwa muda sasa, na ajabu ni kwamba aliyenianzishia ugomvi huo si Mswahili wala si mvuvi. Ni Mhispania mwenye ndevu, profesa wa Kigiriki, aliyependa kukunja vindege vya karatasi.

Jina lake Miguel de Unamuno. Alizaliwa Bilbao, kaskazini mwa Uhispania, mwaka 1864, akaja kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Salamanca, akaandika riwaya, mashairi na falsafa. Wengi wanaomjua humjua kwa maswali yake mazito kuhusu kifo na imani. Lakini mwaka 1902 alitoa riwaya iitwayo Amor y pedagogía, yaani mapenzi na elimu ya ulezi, na huko nyuma ya riwaya akabandika kitu ambacho hakuna msomaji aliyekitarajia: risala kuhusu ndege wa karatasi. Aliipa taaluma hiyo jina kabisa, cocotología. Neno amelishona mwenyewe, nusu moja ni cocotte, jina ambalo Wafaransa humwita ndege huyo, na nusu ya pili ni ule mkia wa Kigiriki tunaouona kwenye biolojia na jiolojia.

Hebu nimweleze ndege mwenyewe kwanza. Nimesema ndege wa karatasi, sikusema ndege ya karatasi. Hiyo ya pili kila mtoto wa Kenya anaijua, na wengi wetu tuliwahi kupoteza kurasa za daftari kwa ajili yake. Huyu wa Wahispania haruki. Wanamwita pajarita, kindege. Unachukua karatasi ya mraba, unaleta pembe zake nne katikati, unageuza, unakunja, unavuta, na mwisho unapata kiumbe chenye mdomo, mkia na miguu miwili, kinachosimama chenyewe mezani. Hakuna mkasi, hakuna gundi. Kusema kweli hafanani sana na ndege. Anafanana na ndege kama vile stuli inavyofanana na ng'ombe. Lakini mtoto yeyote wa Uhispania akimwona anajua ni nani.

Dunia ikisikia habari za kukunja karatasi inafikiria Japani, na neno origami limemeza mengine yote. Wahispania wana neno lao, papiroflexia, na wana historia yao. Karatasi yenyewe waliipata kwa Waarabu. Kufikia karne ya 12 mji wa Xàtiva, mashariki mwa Uhispania, wakati huo ukiwa chini ya Waislamu, ulikuwa na sifa ya karatasi nzuri, na mwanajiografia al-Idrisi aliusifu kwa hilo. Wapo wanaopenda kuongeza kwamba Waarabu hao walileta na ukunjaji pia, ati kwa sababu dini iliwazuia kuchora viumbe, wakakimbilia maumbo ya pembe na mistari. Ni hadithi tamu mno, na mimi huziogopa hadithi zinazoingiana vizuri hivyo. Kitu ambacho hakina shaka ni neno. Karatasi yetu ni qirtas ya Waarabu, ambayo nayo ilitoka kwa Wagiriki, na kutoka kwa Wagiriki haohao, kupitia Kilatini, Wareno wakapata carta, wakaja nayo pwani yetu, nasi tukaifanya karata ya kuchezea. Yaani mzee anayecheza karata barazani na karani mwenye karatasi ofisini wameshika neno moja lililopita njia mbili.

Turudi Bilbao. Mwanzoni mwa 1874 mji huo ulizingirwa na jeshi la Wakarlisti, wafuasi wa mdai kiti cha ufalme, Don Carlos. Mabomu yalianza kuanguka Februari, na mji haukufunguliwa hadi tarehe 2 Mei. Unamuno alikuwa na miaka 9. Baba yake alikuwa ameshafariki. Katika kitabu cha kumbukumbu za utoto alichokitoa 1908 anasimulia jinsi yeye na binamu yake walivyokunja ndege wa karatasi siku hizo, si mmoja wala kumi, bali jamii nzima ya ndege, yenye majeshi yake na vita vyake. Huko nje watu wazima wanapigana kwa chuma, ndani watoto wanapigana kwa karatasi. Hakuwahi kuiacha tabia hiyo. Hata alipokuwa profesa mwenye mvi bado alikunja.

Sasa ile riwaya. Mhusika wake mkuu ni Avito Carrascal, mtu anayeamini sayansi kuliko waumini wengi wanavyoamini dini zao. Anaamua kumzalisha na kumlea mtu mwenye kipaji kikubwa kwa kufuata kanuni. Kwanza anapanga kumwoa mwanamke aliyemchagua kwa vipimo. Mara anampenda mwingine ambaye vipimo vinamkataa, anamwoa huyo, na tayari tunaona mpango umepata ufa. Anazaliwa mtoto wa kiume, anapewa jina Apolodoro. Mama, kisirisiri, anambatiza jina la kikristo la Luis. Tangu hapo mtoto ana majina mawili na maisha mawili: moja la baba, la majaribio na ratiba, na moja la mama, la kubembelezwa usingizini baba akiwa hayupo. Mama anasogeza kidole, baba anakirudisha. Kijana anakua, anapenda msichana, msichana anamwacha. Anaandika hadithi, wasomaji hawaitaki. Mwisho anajinyonga.

Riwaya ni ya kuchekesha, na hapo ndipo inapouma. Unamuno anawacheka wataalamu wa malezi wa zama zake, anamcheka hata mwanafalsafa anayemshauri Avito, bwana aitwaye Don Fulgencio. Kisha, mara tu baada ya kaburi, tunaletewa ile risala ya ndege wa karatasi, ikidaiwa kuwa kazi ya huyohuyo Don Fulgencio, na imeandikwa kwa lugha ya maabara. Kuna mahali pa elimu hiyo mpya miongoni mwa sayansi, kuna kiinitete cha ndege, kuna anatomia yake. Wasomi husema risala iliwekwa kuongeza kurasa kwa sababu kitabu kilitoka kifupi. Sawa, huenda mchapishaji alidai unene. Lakini mwandishi aliyetakiwa kujaza kurasa angeweza kujaza chochote. Huyu alichagua, baada ya kisa cha mzazi aliyemkunja mtoto wake mpaka akakatika, kutuonyesha kitu ambacho kinaweza kukunjwa bila kuumia.

Na nyumbani kwake mambo hayakuwa ya mzaha. Mwanawe mmoja, Raimundo, aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga, kichwa kikajaa maji, akabaki hivyo miaka. Alikufa mwaka huohuo wa 1902. Baba aliyeandika habari za mtoto aliyeharibiwa na mpango alikuwa akiishi na mtoto ambaye hakuna mpango ungemfikia. Sisemi riwaya imetokana na hilo. Nasema tu kwamba ninapoisoma siwezi kumsahau yule mtoto wa chumba cha pili.

Hapo ndipo methali yetu ilianza kunisumbua. Chukua samaki wa methali. Ni mbichi, ndiyo, anakunjika kabla hajakaushwa, maana akishakauka ukimkunja anavunjika. Busara hiyo ni ya watu wanaojua kazi yao, sina neno. Lakini ubichi si uhai. Samaki huyo ameshakufa! Aliye hai hukunji, anakuponyoka, na ukimng'ang'ania anakuchoma kwa mwiba. Methali inatufundisha kulea kwa mfano wa mzoga, na sisi tunaitikia kwa kichwa. Sidhani wahenga walikusudia hivyo. Sidhani pia kwamba ni bahati mbaya tu kwamba wanaoipenda zaidi ni wale wenye fimbo karibu.

Karatasi ni mfano bora kidogo, na nadhani Unamuno, mkunjaji wa miaka mingi vidoleni, alilijua hilo kuliko alivyolisema. Mkunjaji hapunguzi. Akimaliza, ukimfungua ndege, unapata mraba uleule, pembe zote nne zipo, hakuna kilichotupwa sakafuni. Tofauti yake na mchongaji ni kubwa, maana mchongaji hupata umbo kwa kuondoa. Wako wazazi wachongaji. Wanataka mwana daktari, basi wanakata muziki, wanakata mpira, wanakata ile lugha ya nyanya, na vipande vinafagiliwa. Avito alikuwa mmoja wao, alitaka kukata mapenzi kwa sababu hayakuwa kwenye mchoro.

Lakini karatasi nayo ina jambo lake. Mraba unaorudi si ule ulioanza nao. Una mistari. Lainisha utakavyo, piga pasi, weka chini ya kamusi nzito mwezi mzima, mkunjo upo, na siku ukikunja tena karatasi itataka kwenda palepale. Mtu akiniambia alichapwa na akanyooka, huwa natamani kumuuliza mstari uko wapi, maana najua upo.

Basi tusikunje kabisa? Kuna watu wamefika huko, na nawaelewa, ila siwafuati. Karatasi isiyokunjwa kamwe haisimami. Mtoto asiyefundishwa salamu, lugha, kuvuka barabara na kungoja zamu yake hajaachwa huru, ameachwa tu. Hata yule mama wa riwaya alimkunja mwanawe: jina Luis ni mkunjo, wimbo wa usiku ni mkunjo. Kwa hiyo swali linaloniweka macho ni vidole vya nani vinavyoshika karatasi, na vinaiachia lini.

Argentina kuna kisa kinachonisaidia kidogo hapa. Kuanzia miaka ya 1930, daktari mmoja aliyetoka Uhispania akahamia huko, Vicente Solórzano Sagredo, alichapisha vitabu vya papiroflexia vyenye bidii ya ajabu. Alipanga maumbo katika makundi, akabuni istilahi. Umbo lililokunjwa akaliita papirola. Alikuwa mtu wa mfumo. Pembeni yake alikuwako mwanamke wa Argentina, Ligia Montoya, aliyemsaidia kwa michoro ya vitabu hivyo. Kwenye jalada ni jina la daktari. Montoya hakufanya kelele. Alikunja, akachora, akatuma barua. Kupitia barua hizo, hasa kwa Gershon Legman, Mmarekani aliyeishi Ufaransa na aliyekuwa akiwaunganisha wakunjaji wa nchi mbalimbali, kazi yake ilianza kujulikana nje, maua na wadudu na ndege wepesi kama pumzi. Alifariki 1967. Leo wakunjaji wakizungumza juu ya mikono ya enzi ile, wengi humtaja yeye kabla ya daktari.

Ninachokiona pale ni hiki: mfumo wa daktari haukuwa mbaya. Bila shaka vidole vya Montoya vilipata humo kitu cha kushika. Ila mfumo haukuwa na nafasi ya mwanafunzi anayempita mwalimu, ndiyo maana ikabidi apitie posta. Mwalimu wa kweli ningempima kwa jalada la kitabu. Maneno mazuri ya utangulizi hayanitoshi.

Na kuna mwalimu mmoja ambaye ningetaka tumjue zaidi. Ramón Acín, mzaliwa wa Huesca, mji mdogo wa Aragón, mwaka 1888. Mchoraji, mchongaji, mwanaharakati wa chama cha wafanyakazi cha CNT, aliyeingia na kutoka jela kwa sababu ya maandishi na siasa zake. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kufundisha kuchora katika chuo cha walimu mjini kwake. Alikuwa karibu na walimu waliofuata njia ya Mfaransa Célestin Freinet, ambao waliweka mashine ndogo ya kuchapisha darasani ili watoto waandike mambo yao wenyewe, wapange herufi wenyewe, wachapishe wenyewe. Mwaka 1935 walimu hao wa Uhispania walifanya mkutano wao Huesca. Nikifikiria darasa lile naona jibu ambalo Avito hakuliona akiwa na vitabu vyote vile. Mpe mtoto karatasi. Mwonyeshe mkunjo mmoja, wa pili, halafu rudisha mikono yako mfukoni. Atakosea, karatasi itapata mistari ya ovyo, lakini mistari hiyo itakuwa yake.

Acín ndiye huyo aliyeshinda bahati nasibu mwishoni mwa 1932 na, kwa sababu alikuwa amemwahidi rafiki yake kwa utani, akampa Luis Buñuel pesa za kutengeneza filamu kuhusu umaskini wa Las Hurdes. Nani siku hizi hutimiza ahadi ya utani? Na miaka michache kabla ya hapo, 1929, alikuwa ameuwekea mji wake sanamu katika bustani. Miji mingine iliweka majenerali juu ya farasi. Yeye aliweka pajarita wawili wa bati la chuma, weupe, wakubwa kuliko mtoto, kila mmoja juu ya nguzo yake, wanatazamana.

Julai 1936 wanajeshi waliasi, na Huesca ikawa mikononi mwao mapema. Acín alijificha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Waliomtafuta walipoanza kumtesa mkewe, Concha Monrás, alijitokeza. Walimpiga risasi usiku huohuo, tarehe 6 Agosti. Concha waliendelea kumshikilia, wakamuua tarehe 23 ya mwezi huo, pamoja na wafungwa wengine wengi. Waliacha mabinti wawili wadogo, Katia na Sol.

Na Unamuno? Mkunjaji wetu mkuu, mtu wa Bilbao iliyopigwa mabomu, mwanzoni aliunga mkono uasi huohuo. Alidhani utarudisha utulivu. Sipendi kulipita hili haraka kwa sababu nampenda. Barua za wake wa watu waliokamatwa zilimfikia, marafiki zake wakapotea mmoja mmoja. Tarehe 12 Oktoba 1936, katika ukumbi wa chuo chake, mbele ya Jenerali Millán-Astray na wenzake, alisimama akasema dhidi yao. Maneno kamili bado yanabishaniwa na wanahistoria. Matokeo hayabishaniwi: aliondolewa ukuu wa chuo, akakaa nyumbani akilindwa, akafa siku ya mwisho ya mwaka huo, tarehe 31 Desemba. Alikuwa na miaka 72.

Huwa najiuliza kama mtu wa miaka 72 bado ni mbichi. Methali inasema hapana, ameshakauka, ukimkunja anavunjika. Yeye alijikunja mwenyewe, upande ambao karatasi yake haikuwa imezoea kwenda kwa miezi mitatu, mbele ya watu wenye bastola. Pengine alivunjika, kweli. Mimi naona alikuwa na mstari wa zamani, wa ule mzingiro wa utotoni, na karatasi ikarudi palepale ilipokunjwa mara ya kwanza.

Utawala ulioshinda vita ulidumu karibu miaka 40. Ulifuta majina ya mitaa, ukachoma vitabu, ukawafukuza walimu waliokuwa na zile mashine za watoto. Katika miaka ya 1940, kule Zaragoza, si mbali na Huesca, wanaume kadhaa walianza kukutana mkahawani kukunja karatasi, na kikundi chao kinaendelea mpaka leo. Mwaka 2013 mji huo ulifungua jumba la makumbusho la sanaa hiyo. Sanamu ya Acín haikuguswa. Sijui kitu kingine katika historia hiyo kinachonifurahisha hivyo: wakaguzi wa itikadi walipita bustanini, wakatazama, wakaona vitu vya watoto, wakaendelea na safari. Watoto wa Huesca walipelekwa kupigwa picha pale, na watoto wao, na wajukuu, wengi wao bila kuambiwa ni mikono ya nani iliyotengeneza. Ndege bado wako juu ya nguzo zao, wawili, mdomo kwa mdomo.